Kite, Kitte, Kiite: Darasa la Kijapani la Jioni

Darasa la Kijapani la jioni, katika miji mingi ya Japani, ni mkutano wa watu wazima waliotoka kazini. Hufanyika mara moja au mbili kwa wiki, kwa kawaida kuanzia saa 1 jioni hadi saa 3 usiku, katika chumba cha ukumbi wa mtaa uitwao kominkan, au katika ofisi ya chama cha urafiki wa kimataifa cha mji, pengine hata kanisani. Wanafunzi ni wageni waliohamia: wafanyakazi wa viwanda vya vipuri vya magari, watunza wazee, wapishi, wake na waume waliowafuata wenzi wao, na wanafunzi wa vyuo vikuu ambao mchana husoma kwa Kiingereza. Ada, kama ipo, ni yen mia chache za kulipia nakala za karatasi. Mwalimu naye mara nyingi halipwi. Takwimu za serikali ya Japani zimeonyesha kwamba karibu nusu ya watu wanaofundisha Kijapani nchini humo ni wa kujitolea, na darasa la jioni ndilo mahali pao. Humo atakutwa mwalimu mstaafu, mama wa nyumbani, au karani aliyekuja moja kwa moja kutoka ofisini, mkoba bado mkononi.

Kinacholitofautisha darasa hili na shule ya lugha ya mchana ni kelele. Shule ya mchana ina safu za viti na utulivu wa vijana wanaoandaliwa kwa mtihani. Darasa la jioni lina meza zilizosogezwa pamoja, peremende za nchi tano zilizomwagwa katikati, na watu wanne wanaozungumza kwa mpigo. Mmoja anauliza, wawili wanamjibu kabla ya mwalimu, wa nne anawapinga wote. Kelele hiyo isihesabiwe kuwa kasoro. Mtu aliyesimama mbele ya mashine kwa saa tisa, akiamrishwa kwa maneno matano yale yale, hana saa nyingine katika wiki nzima ambazo anaweza kusema Kijapani kirefu, akakosea, akasahihishwa, akaendelea. Mwalimu huifundisha lugha. Wenzake wa darasani ndio wanaoifanya iingie.

Masomo ya jioni nchini Japani yalianza zamani kuliko wimbi la wageni wa sasa. Mwaka 1947, miaka miwili baada ya vita, shule moja ya sekondari ya chini mjini Osaka ilifungua madarasa ya jioni kwa watoto waliokuwa wakifanya kazi mchana ili familia zao zile. Shule za namna hiyo zikaenea, zikaitwa yakan chugaku. Watoto wale walipopungua, viti vyao vilikaliwa na wengine. Walikuwapo wazee wa Kikorea walioishi Japani tangu enzi za ukoloni bila kupata kusoma utotoni, wengi wao wanawake. Walikuwapo Wajapani waliobaki China wakiwa watoto mwaka 1945, ambao walianza kurejea baada ya nchi hizo mbili kurudisha uhusiano mwaka 1972. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaja wakimbizi kutoka Vietnam, Laos na Kambodia. Mwongoza filamu Yamada Yoji aliifanya shule ya namna hii kuwa kiini cha filamu yake *Gakko* ya mwaka 1993, na mwaka 2016 bunge lilipitisha sheria iliyozipa shule hizo msukumo mpya.

Madarasa ya kujitolea ya kominkan yalichipuka kando ya shule hizo, na yakaongezeka sana baada ya sheria mpya ya uhamiaji kuanza kutumika mwaka 1990. Sheria hiyo iliwafungulia mlango wajukuu wa Wajapani waliohamia Brazil na Peru. Walikuja kwa maelfu katika miji ya viwanda kama Hamamatsu, Toyota na Oizumi, wakiwa na majina ya ukoo ya Kijapani na sura za babu zao, huku lugha yao ikiwa Kireno au Kihispania. Ndipo majirani walipoona kuwa mtu anaweza kuitwa Suzuki na asiweze kusoma kibao cha siku za kutoa taka. Mwisho wa mwaka 2022 wageni wakazi wa Japani walikuwa wamepita milioni 3. Sheria inayotamka wazi kwamba serikali kuu na serikali za mitaa zina wajibu wa kuendeleza ufundishaji wa Kijapani ilipatikana mwaka 2019. Kufikia hapo kazi hiyo ilikuwa imefanywa na majirani kwa miongo kadhaa, kwa chaki zao wenyewe, na ni haki kulisema hilo.

Kipindi huanza kwa kujitambulisha. Mgeni akiingia, hata katikati ya somo, duara zima humsalimia upya: hajimemashite, jina, nchi, kazi, na mwishoni yoroshiku onegai shimasu, maneno ambayo kila mfasiri huyachokea, na ambayo Mswahili angeyakaribia kwa kusema "naomba tupokeane vizuri". Kwa kuwa mlango hauna kufuli na wapya huja karibu kila wiki, wenyeji wa darasa hujikuta wameyasema maneno hayo mara arobaini kwa mwaka. Hakuna aliyewaambia wayakariri. Kitabu kinachowekwa mezani mara nyingi ni *Minna no Nihongo*, kilichotoka mwaka 1998, chenye masomo 50 katika juzuu mbili za mwanzo. Kinamfuata Mmarekani aitwaye Miller, mfanyakazi wa kampuni, kuanzia siku anapotaja jina lake hadi anapoweza kutoa hotuba. Wanafunzi humzungumzia Miller kama mtu wa mtaani kwao.

Baada ya salamu huja sauti, na hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wenzake huionea wivu wa wazi. Kijapani kina irabu tano kama zake, zikifuatana kwa mpangilio wa a, i, u, e, o. Silabi nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Maneno kama sakana (samaki), yama (mlima) na kuruma (gari) angeyasoma mtoto wa darasa la pili Tanga bila kuonyeshwa. Hata herufi za hiragana, ambazo za msingi ni 46, hazimshangazi mtu aliyeanza shule kwa kuimba ba, be, bi, bo, bu, kwa sababu kila herufi ni silabi nzima. Mbrazili huimeza irabu ya mwishoni. Mvietnam huzikata silabi fupi fupi. Mswahili hutamka neno likatoka safi, na mwalimu husimama kidogo, akauliza kama amewahi kuishi Japani.

Bahati hiyo hudumu hadi somo la urefu wa sauti. Mwalimu huandika ubaoni maneno matatu: kite, kitte, kiite. La kwanza ni "njoo", la pili ni "kata", la tatu ni "sikiliza". Hupiga makofi kuyapima. Kite ni makofi mawili, ki na te. Kitte ni matatu, la katikati likiwa kimya, pumzi imezuiwa mdomoni. Kiite ni matatu pia, ila la katikati linajazwa na irabu inayoendelea. Kisha mchezo unaanza. Mwanafunzi mmoja husimama na mkasi na karatasi, mwingine humwamuru, na aliye na mkasi hutenda kile alichosikia, si kile mwenzake alichokusudia. Mpishi kutoka Nepal anataka kumwita, lakini ulimi wake unakwama kidogo kwenye t, na karatasi inakatwa. Anajaribu tena, anaivuta irabu, na yule wa mkasi anaweka mkono sikioni kusikiliza. Duara lote linapiga makofi kumsaidia, ki, te, ki, te, mpaka msimamizi wa jengo anachungulia mlangoni. Mara ya nne mwenye mkasi anapiga hatua, anakuja. Kuanzia usiku huo mpishi yule hatakosea neno hilo, na hakuna kanda ya kusikiliza ambayo ingemfikisha hapo kwa dakika kumi.

Mswahili naye huvuka kikwazo hiki upesi akikumbushwa kwamba kwao kufa na kufaa si kitu kimoja. Vivyo hivyo kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Hashi ikianzia juu ni vijiti vya kulia chakula. Ikianzia chini na kupanda ni daraja. Mtu anayejua kuwa barabara ya magari na kufanya jambo barabara hutofautishwa na mahali pa mkazo tu ana pa kushikia, ingawa mkazo wa Kiswahili na mpando wa Kijapani havifanani kabisa.

Somo linalochangamsha darasa kuliko yote ni la kuhesabu. Kijapani hakihesabu vitu kwa namba tupu. Vitu virefu vyembamba, kama penseli, chupa, miti na ndizi, huhesabiwa kwa hon. Vitu bapa, kama karatasi, mashati na sahani, kwa mai. Vitabu kwa satsu. Magari na mashine kwa dai. Wanyama wadogo kwa hiki. Ndege kwa wa. Watu wana nin, lakini mmoja ni hitori na wawili ni futari. Tena sauti hubadilika njiani: chupa moja ni ippon, mbili nihon, tatu sanbon. Hata simu iliyopigwa huhesabiwa kwa hon, labda kwa sababu ya waya wake mrefu wa zamani. Mwalimu humwaga mezani penseli, stempu, vitabu na funguo, na watu wazima huanza kubishana kama watoto: je, mkanda wa suruali ni mrefu au ni bapa? Je, samaki aliyekwisha kukaushwa bado ni mnyama? Swali la pili lina jibu: samaki aliye hai ni hiki, na aliyepasuliwa akakaushwa akawa bapa huhesabiwa kwa mai. Mwalimu mwenyewe hutulia kabla ya kujibu maswali kama haya, maana hajawahi kuulizwa na mtu mwingine yeyote.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili hugeuka kuwa msaada wa darasa. Wengi wa wenzake huona jambo hili kuwa mateso ya Wajapani peke yao. Yeye husema kwamba nyumbani kwao namba hufuata ngeli: watu watatu, miti mitatu, vitabu vitatu, kalamu tatu. Wenzake wakishamaliza kushangaa, huwaambia kuwa sita, saba na tisa hazibadiliki kamwe, kwa kuwa zilitoka kwa Waarabu na hazikujifunza adabu za wenyeji. Mwalimu huchangamka, kwa sababu Kijapani nacho kina seti mbili za namba. Hitotsu, futatsu, mittsu ni za wenyeji na huishia kumi. Ichi, ni, san zilitoka China. Lugha mbili zilizo pande mbili za bahari zilipokea hesabu za wafanyabiashara na wasomi wa nje, kila moja ikabaki na zake za nyumbani kwa vitu vya karibu. Kitu hicho hakimo katika kitabu cha Miller. Hupatikana tu pale ambapo aliyezaliwa Morogoro ameketi meza moja na aliyezaliwa Nagoya.

Hesabu ya saa, kinyume chake, humwangusha Mswahili. Mwalimu hushika saa ya karatasi, mshale kwenye 7, na kuuliza, ima nan-ji desu ka, "sasa ni saa ngapi?" Wenzake wote hujibu shichi-ji. Kichwani mwake yeye, jua limetua na ni saa 1. Jibu linalomjia ni ichi-ji. Kwa wiki kadhaa hulazimika kuongeza sita kabla ya kufungua mdomo, na duara humsubiri. Akieleza kwamba kwao siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na usiku jua linapozama, ni nadra mtu kumwona amekosea tena. Wengine hujaribu kuisoma saa ya ukutani kwa Kiswahili.

Vitenzi ni jambo jingine ambalo msomaji wa Afrika Mashariki amekwisha kulisikia bila kujua. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam hutoka Japani, na katika mengi yake sauti ya mwanamke husema kila injini inapowashwa: ETC kaado ga sounyuu sarete imasen. Msemaji ni kifaa cha kulipia barabara za kasi za Japani, na kinasema kuwa kadi haijaingizwa. Kitenzi chake kinastahili kutazamwa kwa karibu. Kwanza sounyuu, kuingiza. Halafu sare, alama ya kutendwa. Te na i, hali iliyopo. Mas, adabu kwa msikilizaji. Na mwisho kabisa en, ukanushi. Neno la Kiswahili "haijaingizwa" linabeba karibu mzigo wote huo ila adabu: ha- ya kukanusha, i- ya kadi, -ja- ya wakati, mzizi, -z- ya kusababisha, -w- ya kutendwa. Tofauti ni kwamba Kiswahili hupanga vipande pande zote mbili za mzizi na hukanusha mlangoni, ilhali Kijapani hupanga vyote nyuma na hukanusha mtu akiwa tayari anatoka. Msikilizaji wa Kijapani hana budi kuvumilia hadi silabi ya mwisho ili ajue kama jambo limekuwa au halikuwa. Pengine ndiyo maana darasa la jioni, ambalo kila mtu humkatiza mwenzake, huchukua muda kuzoeleka.

Kila lugha ya nyumbani huleta ufunguo wake na kufuli lake. Mnepali, Mmyanmar na Mkorea hawashangai kitenzi kukaa mwisho, kwani kwao kinakaa huko huko. Mvietnam huona neno chuui, yaani "tahadhari", kwenye kuta za kiwanda na kutambua chú ý ya kwao. Akisikia kekkon, "ndoa", husikia kết hôn. Maneno hayo yote yaliondoka China zamani, moja likaelekea kusini na jingine mashariki. Mchina huzisoma kanji, herufi zilizotoka kwao, kabla ya wote, lakini hutegwa nazo. Alama mbili zinazoandika benkyou, "kusoma", kwake yeye humaanisha kujilazimisha kufanya jambo. Saa 2 usiku, baada ya zamu ya kiwandani, darasa zima hukubali kwamba maana zote mbili ni sahihi. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina alama 2,136, na hapo Mchina huwa mwalimu wa pili wa kila mtu, akiwachorea wenzake mti mmoja kuwa mti, miwili kuwa kichaka, na mitatu kuwa msitu.

Mbrazili mchango wake ni ujasiri. Husema kwanza na kusahihishwa baadaye, na kwa kufanya hivyo huwapa ruhusa waoga. Lugha yake pia ina undugu wa zamani na lugha mbili za mezani. Wareno walifika Japani mwaka 1543, na mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa. Mabaharia wale walicheza kamari kote walikopita, wakaacha neno moja katika nchi mbili: Wajapani wakaliita karuta, Waswahili karata. Neno la sabuni nalo lina hadithi ndefu kidogo. Kijapani kilipokea shabon kutoka kwa watu wa Ureno au Hispania, Kiswahili kikapokea sabuni kutoka kwa Waarabu, na mizizi yote hurudi kwenye Kilatini. Mambo haya yakitajwa darasani huchukua dakika tano za somo, na hayo ni matumizi mazuri ya dakika tano, kwa sababu mtu hujifunza kwa hamu zaidi lugha ambayo ameikuta ikiwa na jamaa zake.

Waafrika Mashariki katika madarasa haya si wengi, lakini wapo. Baadhi ni wafanyabiashara wa magari. Wengine ni vijana wa shahada ya uzamili waliokuja kwa ABE, mpango wa Japani wa kufadhili masomo ya vijana wa Afrika, uliotangazwa Yokohama mwaka 2013 katika TICAD, mkutano wa Japani kuhusu maendeleo ya Afrika, na ambao wanahitaji darasa la jioni kwa kuwa mihadhara yao ya mchana ni ya Kiingereza. Wanariadha wa Kenya wameipata lugha kwa njia nyingine. Samuel Wanjiru alipelekwa shule ya sekondari mjini Sendai mwaka 2002 akiwa bado kijana, na kufikia siku aliposhinda marathoni ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alikuwa akizungumza Kijapani kwa ufasaha. Alikuwa ameishi na kufanya mazoezi na vijana wenzake wa Kijapani. Darasa la jioni linajaribu kumpa mtu mzima mwenye kazi kipande cha maisha kama yale, kwa saa mbili.

Adabu za maneno zina nafasi yake. Wageni kutoka Ulaya huchoka kuambiwa kuwa kitenzi kile kile kina umbo la kumwambia rafiki na umbo la kumwambia mkubwa. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba haoni jambo geni. Mwisho wa kipindi watu huagana kwa otsukaresama deshita, neno linalotambua uchovu wa mwenzako, na ambalo wafasiri wa lugha nyingi hulihangaikia. Kwa Kiswahili ni pole na kazi, bila kupunguza wala kuongeza. Kuna pia aizuchi, viitikio ambavyo msikilizaji huvitia kila baada ya maneno machache: hai, ee, sou desu ne, naruhodo. Mjapani akizungumza kwa simu huku upande wa pili umenyamaza, hudhani laini imekatika. Darasa huzoezwa kuitikia kwa sauti, na Mswahili hutia "enhe" yake palepale inapotakiwa, jambo ambalo limewahi kuonekana ukosefu wa adabu mahali pengine duniani. Hapa husifiwa.

Kuna usiku mmoja kila muhula ambapo vicheko hupungua. Ni ule wa tetemeko la ardhi. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11:46 alfajiri, tetemeko liliipiga Kobe na maeneo ya jirani, na watu zaidi ya 6,400 walikufa. Wageni wengi walionusurika hawakuelewa matangazo. Maji yalikuwa yanagawiwa wapi, shule ipi ilikuwa kimbilio, yote yalisemwa kwa maneno ya kiofisi kama hinan, "kuhama kwenda mahali salama", ambayo hayatumiki katika maisha ya kila siku. Wataalamu wa lugha, miongoni mwao Sato Kazuyuki wa Chuo Kikuu cha Hirosaki, wakatengeneza Kijapani cha dharura kilichoitwa yasashii nihongo. Sentensi zake ni fupi, kila moja ina jambo moja, na maneno yake ni yale ya mwaka wa kwanza wa kujifunza. Badala ya hinan shite kudasai husemwa nigete kudasai, "kimbieni". Badala ya takadai, mwinuko, husemwa takai tokoro, "mahali pa juu". Neno yasashii lina maana mbili, kila moja na kanji yake: rahisi, na pia -ema, mwenye huruma.

Kwa hiyo usiku huo mwalimu husema jishin, "tetemeko", na wote huingia chini ya meza, mchomeleaji, mtunza wazee na mwanafunzi wa uzamili, magoti kwa magoti. Halafu huulizana kila mmoja anaishi wapi na shule gani ndiyo kimbilio lake. Mara nyingi hugundua kuwa watatu wanaishi mtaa mmoja bila kujuana. Hubadilishana namba za simu. Mwalimu naye hujifunza jambo, labda gumu kuliko yote: kusema na watu kwa lugha yake mwenyewe bila kuificha nyuma ya maneno makubwa. Walimu wengi wa kujitolea huingia wakidhani kazi ni kuwasahihisha wageni. Wanaodumu ni wale waliojifunza kuzisahihisha sentensi zao wenyewe.

Mipaka ya darasa hili ni ya kweli. Saa mbili, au hata nne, kwa wiki ni chache mno. Kiwanda kikitangaza kazi ya ziada, nusu ya viti hubaki vitupu, na mtu aliyefika somo la ishirini hurudi baada ya miezi mitatu akaanza tena na la kumi na mbili. Mtihani wa uwezo wa Kijapani, ulioanzishwa mwaka 1984 na wenye ngazi tano tangu 2010, kutoka N5 ya chini hadi N1 ya juu, hufanyika Jumapili za mwanzo za Julai na Desemba, na anayetaka viza ya ujuzi maalumu iliyoanza mwaka 2019 kwa kawaida huhitaji kufikia N4 au kufaulu mtihani mwingine wa ngazi hiyo. Darasa la kelele peke yake halimfikishi mtu huko. Linahitaji kuungwa mkono na daftari la usiku, na kwa haki lingepaswa kuungwa mkono na mwajiri, ambaye ndiye anayefaidika kwanza na mfanyakazi anayeelewa kibao cha hatari. Kuwaachia kazi hiyo wastaafu wenye moyo mwema ni kuikwepa, na sheria ya 2019 ya ufundishaji wa Kijapani itapimwa kwa fedha zitakazofika kwenye vyumba hivi.

Mswahili anayekwenda kuishi mji wowote wa Japani asingoje mpaka lugha imsumbue. Katika wiki ya kwanza, anapokwenda kuandikisha makazi yake kwenye ofisi ya mji, shiyakusho, aulize dirishani maneno mawili: nihongo kyoushitsu, yaani darasa la Kijapani. Atapewa karatasi yenye siku, saa na ramani. Mihula mingi huanza Aprili na Oktoba, lakini madarasa mengi humpokea mtu wakati wowote. Aende na daftari, penseli, na kitu kidogo cha kula cha kwao cha kuweka katikati ya meza.